Dondoo muhimu: Jihadhari na moma wa msituni

Moma wa msituni, Bitis gabonica, hamfukuzi mtu. Hulala kimya kwenye majani makavu akivizia panya, na wengi huumwa kwa kumkanyaga. Ukilima mpunga au kuokota kuni katika maeneo ya Kasongo au Kabambare, zingatia haya:

1. Vaa buti za mpira. Kandambili hazikukingi na meno yanayofika sentimita 5.
2. Tazama chini vizuri: mgongo wa kahawia na zambarau hufanana na majani, lakini kichwa ni kipana, chenye mstari mweusi katikati.
3. Usiingize mkono nyuma ya gogo kabla ya kupagusa kwa fimbo ndefu.
4. Usiku tembea na tochi. Ndio wakati wake wa kuwinda.
5. Ukisikia anavuma kwa pumzi nzito, rudi nyuma taratibu.
6. Usimshike hata akiwa amekufa. Kichwa kilichokatwa bado huuma.
7. Mtu akiumwa, mvue pete na bangili, mfunge banzi mguu usitikisike, mbebe hadi hospitali. Asitembee.
8. Usikaze kamba, usichanje kwa wembe, usinyonye jeraha. Kubandika jiwe jeusi kwenye jeraha ndiko kosa kubwa: jiwe linaganda kwenye ngozi, familia inatulia, saa zinapita, huku sumu ikiozesha nyama na kuzuia damu kuganda.
9. Uliza sasa, kabla ya msimu wa kulima, ni hospitali ipi yenye dawa ya kuzuia sumu ya nyoka. Si kila kituo cha afya kinayo.