Mchango wa Siku Moja: Jinsi ya Kuupanga Ukafaulu

Makao ya watoto, shule za watoto wenye mahitaji maalum na vikundi vya kuwatunza wagonjwa ni miongoni mwa wanaotegemea ukarimu wa wakazi. Wengi huchagua njia ya mchango wa siku moja: tarehe inatangazwa, watu wanatoa, jioni hesabu inasomwa. Njia hii ni nzuri kwa kuwa inawapa watu sababu ya kutoa leo badala ya kesho. Lakini ina hatari yake. Siku ikipita kabla lengo halijafikiwa, kuwarudia watu walewale wiki inayofuata ni vigumu. Na pesa zikitumika bila maelezo, mchango wa mwaka ujao umekufa kabla ya kutangazwa.

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya kamati za vijiji, vikundi vya kina mama na vijana, na mashirika ya hisani yanayotaka kufanya mchango wa aina hiyo.

Harambee ya zamani na ya sasa

Mzee Jomo Kenyatta aliifanya harambee kuwa wito wa taifa mwaka 1963, na neno hilo limeandikwa kwenye nembo ya taifa hadi leo. Shule nyingi tunazoziona zilijengwa kwa njia hiyo. Hata hivyo, kwa miaka mingi harambee iliegemea mgeni wa heshima: akija na bahasha nzito, siku imefaulu, asipofika, kamati inabaki na deni la hema. Mnamo Julai 2024, Rais William Ruto aliagiza maafisa wa serikali na watumishi wa umma wasishiriki harambee na michango ya umma. Kamati inayopanga leo inapaswa kuwategemea wananchi wengi wanaotoa kidogo kidogo.

Kwamba jambo hilo linawezekana, tumeliona. Mwaka 2011, wakati wa ukame mkali, kampeni ya Kenyans for Kenya ililenga kukusanya shilingi milioni 500 kwa wiki nne. Wananchi walichanga kwa simu zao, na lengo hilo likapitwa. Haba na haba hujaza kibaba, mradi kibaba kijulikane ukubwa wake.

Hatua ya kwanza: taja kitu kimoja chenye bei

"Tusaidie watoto wetu" si lengo. Mwananchi anataka kujua shilingi yake itafanya nini. Tuchukue mfano wa kubuni: makao ya watoto yanahitaji matangi mawili ya maji, mifereji ya kuvuna maji ya paa, msingi wa zege na malipo ya fundi. Kamati inapata bei kwa maandishi kutoka kwa wauzaji watatu, inalinganisha, na kuona kazi yote itagharimu shilingi 360,000. Hilo sasa ni lengo. Linaweza kuelezwa kwa sentensi moja, na kila mtu ataweza kwenda kuyaona matangi yenyewe.

Hatua ya pili: ligawe lengo

Kosa linalorudiwa sana ni kugawa lengo kwa idadi ya wakazi. Watu hawatoi sawa. Kwa mfano wetu, kamati inaweza kupanga hivi:

Mtu 1 wa shilingi 50,000: 50,000
Watu 4 wa shilingi 20,000: 80,000
Watu 10 wa shilingi 5,000: 50,000
Watu 60 wa shilingi 1,000: 60,000
Watu 200 wa shilingi 500: 100,000
Watu 200 wa shilingi 100: 20,000
Jumla: watu 475, shilingi 360,000

Jedwali hili linafundisha mambo mawili. Kwanza, watu watano wa juu wanabeba shilingi 130,000, zaidi ya theluthi moja ya lengo. Hao watembelewe mmoja mmoja wiki kadhaa kabla ya siku, na ahadi zao ziandikwe. Pili, si kila anayeombwa hutoa. Tukikadiria kwamba mmoja kati ya watatu atatoa, ni lazima tuwafikie watu zaidi ya 1,400. Wakigawanywa kwa wahamasishaji 20, kila mmoja ana majina kama 70 ya watu anaowajua: wa chama chake, wa stendi yake ya bodaboda, wa kanisa au msikiti wake, na waliosoma naye ambao sasa wako Nairobi, Mombasa au ng'ambo.

Mhamasishaji naye awe ametoa kwanza. Ni vigumu kumwomba jirani shilingi 500 kama wewe mwenyewe hujatoa 100.

Hatua ya tatu: chagua siku

Angalia kalenda ya mifuko ya watu. Januari wazazi wanalipa karo. Katikati ya mwezi, anayelipwa mshahara hana kitu. Mwisho wa mwezi ni bora, na kwa wakulima, siku zinazofuata mauzo ya mavuno. Epuka msimu wa mvua ikiwa mnakutana uwanjani, na msigongane na sikukuu za dini wala siku kubwa ya soko. Vikundi vingine huchagua GivingTuesday, siku ya kutoa iliyoanzishwa New York mwaka 2012 na ambayo sasa huadhimishwa katika nchi nyingi. Faida yake ni kwamba walio ng'ambo wanaijua. Hasara ni kwamba siku hiyo maombi ni mengi.

Tenga wiki sita za maandalizi. Wiki mbili za kwanza ni za bei, vibali na akaunti. Wiki mbili zinazofuata ni za kuwatembelea wachangaji wakubwa na kuwafunza wahamasishaji. Mbili za mwisho ni za matangazo.

Hatua ya nne: sheria na vibali

Sheria ya Michango ya Umma, Sura ya 106, inasimamia ukusanyaji wa fedha kutoka kwa umma na utoaji wa leseni. Kabla ya kuchapisha bango lolote, fika katika ofisi ya naibu kamishna wa kaunti uulize kinachohitajika kwa mchango wenu. Kikundi ambacho hakijasajiliwa kianze na ofisi ya maendeleo ya jamii katika kaunti ndogo. Mkipanga matembezi au mbio barabarani, mjulisheni OCS mapema ili usalama upangwe.

Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 ilimkataza afisa wa umma kutumia cheo chake kuwashinikiza watu watoe, au kuifanya ofisi yake kuwa mahali pa kuchangishia. Kwa hiyo mchango usiwe sharti la mwananchi kupata huduma yoyote. Ukiambiwa utoe kwanza ndipo karatasi yako itiwe sahihi, huo si mchango tena.

Hatua ya tano: pesa zipite mlango mmoja

Usitumie nambari ya simu ya mwenyekiti. Laini ya M-Pesa ya mtu binafsi haiwezi kubeba zaidi ya shilingi 500,000, na hata kabla ya kufika hapo, pesa za mchango zitakuwa zimechanganyika na za matumizi ya nyumbani. Fungueni akaunti ya benki kwa jina la kikundi, yenye watia sahihi watatu, na nambari ya Paybill inayoingiza pesa humo moja kwa moja. Ijaribuni kwa shilingi 10 wiki moja kabla ya siku. Nambari ikikosewa kwenye bango, hasara yake haitatibika siku hiyo.

Pesa taslimu zihesabiwe na watu wawili mbele ya mtu wa tatu, risiti itolewe, na zipelekwe benki siku ya kwanza ya kazi. Ahadi ziandikwe katika daftari lake. Msitangaze ahadi kama pesa zilizopokelewa: shilingi 300,000 ambazo nusu yake ni maneno haziwezi kununua matangi mawili.

Gharama za siku nazo zisiule mchango. Tafuteni wa kutoa hema, viti na vipaza sauti bure au kwa bei nafuu. Kwa mfano wetu, kamati inaweza kujiwekea kikomo cha shilingi 36,000, yaani kumi ya lengo, na kuzitafuta kando ili zile 360,000 zote ziende kwenye maji. Chakula cha wageni kikigharimu kuliko tangi moja, kamati imepotea njia.

Hatua ya sita: linda heshima ya wanaosaidiwa

Si lazima mtoto alie mbele ya kamera ndipo watu watoe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Mbali na sheria, mtoto huyo atakua, na picha itabaki kwenye simu za watu. Onyesheni paa lisilo na mifereji na foleni ya mitungi. Vilevile msisome majina ya wasiotoa, wala kulinganisha familia na familia.

Siku yenyewe

Gawanyeni siku kwa saa. Saa kumi na mbili asubuhi ujumbe wa kwanza utumwe ukiwa na mambo matatu tu: tunanunua nini, tunahitaji kiasi gani, nambari ni hii. Saa nne, saa saba na saa kumi tangazeni kiasi kilichofikiwa na kilichobaki, katika makundi ya WhatsApp na redio ya lugha ya mama ikiwezekana. Mchangaji mkubwa anaweza kusema atatoa shilingi 50,000 wakifika watu 200 kabla ya saa sita mchana. Sharti hilo liwe la kweli, si maigizo. Wahamasishaji wapige simu kwa wale ambao hawajajibu, mara moja tu, kisha wawaache.

Baada ya siku

Mali bila daftari hupotea bila habari. Ndani ya siku mbili, kila mchangaji apate ujumbe wa shukrani. Ndani ya wiki mbili, ukurasa mmoja wa hesabu ubandikwe penye watu: kilichoingia, kilichotumika, kilichobaki, na ahadi ambazo hazijalipwa. Kazi ikikamilika, waiteni wachangaji waone maji yakitoka bombani. Na lengo lisipofikiwa, semeni hivyo wazi: tumepata ya tangi moja, tumelinunua, la pili bado.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Je, lengo letu linaelezeka kwa sentensi moja yenye bei?
2. Ni watu gani watano tutakaowatembelea kwanza?
3. Nani anashika daftari, na nani anamkagua?
4. Hesabu itabandikwa wapi, na tarehe gani?

Kamati ikishindwa kujibu swali la nne, isitangaze tarehe ya mchango bado.