Kidole Kimoja, Laini Mbili

Somo la mwezi kwa vikundi vya nyumbani

Wengi wenye simu katika Tanzania wameupata ujumbe unaosema kwamba ile hela itumwe kwenye namba hii, na jina litatokea fulani. Twaucheka na kuufuta. Lakini humfikia pia mtu ambaye siku hiyo hiyo ana kodi ya nyumba au ada ya mtoto ya kulipa, naye kwa haraka hutuma. Mwezi huu twapenda kutazama jambo moja katika ujumbe huo ambalo halizungumzwi sana, nalo ni lile jina. Je, ni jina la nani?

Mwizi hana haja ya kujitaja. Jina hilo laweza kuwa la muuza nyanya, au la mzee wa kijijini asiyejua kabisa kwamba kuna laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake.

Tangu Mei 2019 laini nchini husajiliwa kwa namba ya kitambulisho cha Taifa na alama ya kidole, na waliochelewa walianza kuzimiwa baada ya tarehe 20 Januari 2020. Nia ilikuwa njema, kila namba iwe na mwenyewe. Wezi nao wakatafuta mlango wao. Kijana aliyeketi chini ya mwavuli pale stendi anakusajilia laini. Unaweka kidole. Anasema, "Haijashika, mama, weka tena." Huenda ni kweli, maana vidole vya mkulima au mfua nguo vimesuguliwa na kazi hata mashine havioni. Lakini huenda ile ya kwanza ilishika, na hii ya pili inasajili laini nyingine ambayo wewe hutaiona kamwe. Hatusemi vijana wote wa mwavuli ni wezi; wengi wanatafuta riziki kwa haki. Hata hivyo, ukiambiwa urudie, omba kwanza uonyeshwe kilichoandikwa, na ukiweza nenda duka la kampuni yenyewe.

Wako wasemao, "Mimi sina hela, wataniibia nini?" Jina lao ni mali tosha. Aliyetapeliwa akienda polisi, jina analolishika mkononi ni lile lililotokea kwenye simu yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yahesabu kujifanya mtu mwingine kuwa kosa, lakini kabla haijajulikana kwamba nawe umeibiwa, kuna maelezo ya kutoa, nauli ya kwenda na kurudi, na siku za kazi zinazopotea. Na majirani wana macho.

Dawa yake ni nyepesi. Piga *106# na kufuata maelekezo. Utaonyeshwa namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, nenda na kitambulisho kwenye duka la kampuni, uikane na kudai ifutwe. Yafaa kufanya hivyo kila baada ya miezi michache, na hasa siku ile ile uliyosajili laini mpya.

Tutazame na namba ya kitambulisho yenyewe. Ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Basi aliyefanya mwaka wake wa kuzaliwa kuwa namba ya siri ya simu au ya kadi ya benki, siri yake iko wazi kwa kila aliyeshika nakala ya kitambulisho hicho. Twawajua wengi wafanyao hivyo, maana ni rahisi kukumbuka. Na ukitoa nakala pale stesheni, ile iliyoharibika ondoka nayo.

Kuna wizi mwingine ulio mkali zaidi. Mwizi huenda kwa wakala aliyekula naye njama, akadai simu imepotea, akapewa laini mpya yenye namba yako. Tangu hapo ujumbe wote wa benki, pamoja na namba za kuthibitisha malipo, huingia kwake. Dalili yake ni hii: simu yako inakosa mtandao ghafla, na walio karibu nawe wa kampuni ile ile wanao. Usingoje kesho. Azima simu ya jirani wa kampuni ile ile, piga 100, uombe laini na akaunti yake ya fedha vifungwe. Kisha benki, kisha polisi ukachukue RB. Ujumbe wa kitapeli pamoja na namba ya aliyeutuma hupelekwa 15040.

Hapa ndipo wengi wetu twashindwa, kwa sababu ya aibu. Baba aliyetoa namba ya siri kwa mtu aliyejiita wa huduma kwa wateja hukaa kimya siku tatu, asije akachekwa na watoto wake. Katika siku hizo tatu fedha imekwisha kutolewa kwa wakala mji mwingine. Nasi watoto tuna lawama yetu, kwa jinsi tunavyowacheka.

Kabla ya kikao kijacho, kila mmoja na apige *106#. Asiyeona vizuri maandishi asaidiwe na mtu wa nyumbani mwake, wala asimkabidhi mpita njia simu na kitambulisho pamoja.