Daraja Hutengenezwa na Njia Ikiendelea: Somo kwa Watu wa Malaba na Busia

Mto Malaba ndio mpaka wa Kenya na Uganda katika mji uitwao kwa jina hilohilo. Juu yake lipo daraja la barabara kuu itokayo Mombasa, na kwa njia hiyo hupita shehena ziendazo Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo. Lakini malori hayakupewa daraja peke yao. Mpakani huvuka pia mama mwenye kikapu cha nyanya, mwanafunzi, mgonjwa aendaye kutafuta dawa, na mwendesha boda-boda. Neno hilo boda-boda lenyewe husemwa kuwa lilizaliwa mpakani Busia, wakati wa waendesha baiskeli waliokuwa wakichukua abiria kutoka kituo cha nchi hii hata kituo cha nchi ya pili.

Basi siku daraja la namna hii linapohitaji kutengenezwa, hawa wote hudai nusu moja iliyobaki. Yafaa kila mtu akaaye karibu na njia hiyo afahamu kazi yenyewe ilivyo, ili ajue lipi la kuvumilia na lipi la kudai.

KWA NINI DARAJA HUTENGENEZWA

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 juu ya uzito wa magari yaruhusu lori lenye mihimili saba ya magurudumu kuwa na uzito wa tani 56, pamoja na mzigo wake, wala si zaidi. Kila lori lipitapo, sakafu ya daraja hujipinda kidogo sana kisha hurudi. Jambo hilo likirudiwa mchana na usiku kwa miaka mingi, viungo vya sakafu hulegea, maji ya mvua hupenya hata kwenye vyuma vilivyomo ndani ya zege, na vyuma hushikwa na kutu. Huko chini nako mto hula udongo ulioshika nguzo.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa Uganda waliona jambo hilo mwezi wa Mei 2023, maji ya mto Katonga yalipoharibu njia kuu ya Kampala na Masaka. Wasafiri walizungushwa kwa Mpigi, Kanoni, Sembabule na Villa Maria, safari ndefu ambayo hakuna aliyekuwa ameiandalia fedha wala wakati. Kwa upande mwingine, daraja la Karuma katika njia ya Gulu, lililojengwa mwaka 1963, lilifungwa mwezi wa Septemba 2024 kwa ajili ya matengenezo, na watu wakatajiwa mapema njia nyingine za kupita. Taabu ilikuwapo mahali pote pawili, lakini taabu iliyotangazwa ni nyepesi kuliko ile imjiayo mtu usiku.

KAZI YENYEWE

Pasipokuwa na daraja la pili, mafundi hufunga nusu ya daraja na kuiacha nusu nyingine ipitwe kwa zamu. Hubomoa sakafu iliyochakaa, husafisha vyuma, hubadili viungo, kisha humwaga zege jipya. Hapo ndipo watu wengi hukosea. Hupita wakaona upande uliofungwa hauna fundi hata mmoja, wakadhani mkandarasi amelala. Lakini zege halikauki kama nguo juani. Hupata nguvu polepole, nalo sharti lifunikwe na kunyweshewa maji, kwa desturi siku saba au zaidi, na wahandisi hulipima nguvu yake likitimiza siku 28. Dereva mwenye haraka akisukuma kando vizuizi na kupita juu ya zege changa, hulipasua, na kazi huanza upya.

HESABU YA MSURURU

Msururu wa malori wafuata hesabu nyepesi. Chukua mfano huu. Kila upande wapewa dakika 10 za kupita, na baada ya kila zamu dakika 2 hupotea daraja likingojewa liwe tupu. Zamu za pande mbili pamoja ni dakika 24. Kwa hiyo katika saa moja kila upande hupata dakika 25 tu. Kama lori moja laingia darajani kila sekunde 15, yatapita malori 100 kwa saa. Sasa, ikiwa malori yanayofika ni 120 kwa saa, 20 yatabaki. Tangu saa moja asubuhi hata saa sita mchana yatakuwa yamebaki malori 100. Kila lori pamoja na nafasi yake likishika mita 20, huo ni msururu wa kilomita 2.

Tazama basi: malori 20 tu yaliyozidi kila saa yameziba mji. Na kama hayo 20 yangeambiwa yafike usiku, msururu usingekuwapo kabisa. Haya ndiyo maarifa makubwa ya kazi hii. Daraja haliwezi kupanuliwa kwa amri, lakini saa za kufika zaweza kupangwa.

Wakazi wa Malaba hawahitaji kuelezwa msururu ni kitu gani. Mwaka 2020, madereva walipokuwa wakipimwa ugonjwa wa Korona mpakani, malori yalisimama makumi ya kilomita, na jambo hilo likarudi mwezi wa Januari 2022. Barabara ilikuwa nzima, ila mlango ulikuwa mwembamba.

MALORI YANGOJE WAPI

Kosa kubwa ni kuyaacha malori yangoje miguuni pa daraja. Hapo huziba milango ya maduka, njia ya shule na njia ya gari la wagonjwa. Yatakiwa yasimamishwe mbali, katika viwanja vilivyotengwa, yaitwe kwa makundi. Tangu mwaka 2014 nchi za Jumuiya zimekuwa na utaratibu wa eneo moja la forodha, ambao huwezesha ushuru wa mizigo mingi kumalizwa kabla lori halijafika mpakani. Lori ambalo karatasi zake hazijatimia halina sababu ya kushika nafasi katika msururu.

Wengine husema, malori yote yapelekwe Busia. Ni kweli kwamba Busia ina kituo cha pamoja cha mpakani, kilichofunguliwa na marais wa nchi mbili tarehe 24 Februari 2018, na barabara yake huungana na ile ya Tororo na Jinja ndani ya Uganda. Lakini Busia nayo ina soko, shule na watoto. Kuhamisha msururu si kuuondoa. Heri kugawanya: sehemu ipite Busia, sehemu Malaba, na malori matupu yarudiyo Mombasa yapewe saa za usiku.

HATARI ZA KUNGOJA

Malori yakisimama, hatari tatu hukaribia. Ya kwanza ni moto. Mwezi wa Julai 2021 gari la petroli lilipinduka Malanga, katika njia ya Kisumu na Busia. Watu wakaenda kuchota mafuta, yakalipuka, na watu wasiopungua 13 wakafa. Sachangwan, katika njia hiyo kuu ya Malaba, waliokufa kwa namna hiyo mwaka 2009 walizidi mia moja. Kwa hiyo magari ya mafuta yawe na kiwanja chao peke yao, mbali na nyumba na majiko. Ya pili ni uchafu. Mamia ya madereva wasio na choo wataharibu visima vya kijiji. Ya tatu ni ajali za waendao kwa miguu wakipenya gizani kati ya malori. Choo, taa na maji ni sehemu ya kazi ya daraja kama ilivyo simiti.

HAKI NA WAJIBU

Sheria ya mazingira ya Kenya ya mwaka 1999 yataka miradi mikubwa ichunguzwe madhara yake kabla haijaanza, na Katiba ya mwaka 2010 yataja ushiriki wa wananchi kuwa mojawapo ya misingi ya utawala. Kwa hiyo watu wa mahali wakiuliza maswali katika baraza la chifu hawaleti ukaidi. Yafaa waulize: njia ya miguu itabaki wazi siku zote? Gari la wagonjwa litapitaje? Wauzao kando ya barabara watahamia wapi, nao watarudi lini? Malalamiko yapelekwe kwa nani, na jibu litatoka baada ya siku ngapi? Habari za zamu zitangazwe kwa Kiteso, kwa Kiluhya na kwa Kiswahili, sokoni, kanisani, msikitini na katika redio.

Wakazi nao wana wajibu wao. Wasiibe vyuma na vibao vya onyo, maana kibao kikikosekana usiku hufa mtu. Boda-boda wamtii mshika bendera. Wazazi wawaonye watoto wasicheze kando ya mashimo. Na dereva aliyezidisha mzigo afahamu kwamba ndiye anayeileta karibu siku ya kufungwa daraja tena.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini nusu ya daraja hubaki imefungwa hata siku ambazo mafundi hawaonekani?
2. Katika mfano wa hesabu, kama malori 110 yafika kila saa, msururu utakuwa na urefu gani baada ya saa tano?
3. Katika kijiji chenu, malori yangeweza kungojea mahali gani bila kuziba njia ya shule, ya soko wala ya hospitali?