Shusaku Endo, Mwandishi wa Wale Walioanguka

Twapenda kusoma habari za mashahidi wa imani, na ni haki yao kusifiwa. Lakini wale walioshindwa na mateso, wakaikana imani kwa vinywa vyao, kisha wakalia kwa siri maisha yao yote, nani atawaandikia kitabu? Kazi hiyo aliishika Mkatoliki wa Japani, Shusaku Endo.

Endo alizaliwa Tokyo mwaka 1923. Wazazi wake walipoachana, alikaa na mama yake katika mji wa Kobe. Mama huyo, mpiga fidla, aliingia Kanisa Katoliki, na mtoto naye akabatizwa kwa jina la Paulo. Baadaye Endo aliufananisha ubatizo ule na vazi la kigeni alilovikwa na mama, lisilomkaa vema mwilini. Alijaribu kulivua asiweze. Basi akaazimia kulishona upya, limfae Mjapani.

Mwaka 1950 alikwenda Ufaransa kusoma vitabu vya waandishi Wakatoliki, lakini mwaka 1953 ugonjwa wa mapafu ulimrudisha kwao. Mwaka 1955 alipewa tuzo ya Akutagawa. Kisha ugonjwa ukamrudia. Tangu 1960 alilazwa hospitali kwa muda mrefu, akapasuliwa mara tatu.

Baada ya kupona alitoa kitabu kilichompatia sifa ulimwenguni, Chinmoku, maana yake Kimya, mwaka 1966. Msingi wake ni historia. Mtakatifu Fransisko Ksaveri alifika Japani mwaka 1549, na Injili ikapokewa na wengi. Lakini mwaka 1614 watawala waliipiga marufuku dini katika nchi nzima. Watu waliamriwa kukanyaga sanamu ya Bwana wetu au ya Bikira Maria. Aliyekataa aliteswa hata kufa. Katika kitabu hicho Padre Rodrigues, Mreno, aingia kwa siri na kukamatwa. Aambiwa kwamba Wakristu wanaoning'inizwa shimoni hawataachiliwa mpaka yeye mwenyewe akanyage. Naye akanyaga. Kando yake yuko Kichijiro, mtu dhaifu aliyemsaliti, ambaye kila aangukapo humrudia akiomba kuungama.

Wakatoliki kadhaa wa Japani walikilaumu kitabu hiki, wakiona kwamba kinampa heshima aliyeikana imani. Hofu yao haikuwa ya bure. Kuikana imani si jambo jema, wala Kimya hakisemi kuwa ni jema; Rodrigues hapati raha hata siku moja. Ila Endo atuuliza: je, Kristu humwacha yule aliyeanguka?

Historia yenyewe yatoa jibu. Mwaka 1865 Wakristu wa Urakami, karibu na Nagasaki, walijitokeza mbele ya Padre Petitjean, baada ya karne mbili na zaidi bila mapadre. Wengi wa wazee wao walikuwa wakikanyaga ile sanamu kila mwaka. Kisha walirudi nyumbani, wakafunga milango, wakasali sala ya majuto na kuwafundisha watoto wao. Hivyo imani ilifikishwa kwa wajukuu na damu ya mashahidi, na pia machozi ya wanyonge.

Endo alifariki Septemba 1996. Kwa agizo lake, jeneza lake lilitiwa vitabu viwili: Kimya, na Mto wenye Kina wa mwaka 1993.

Enyi wazazi, mara nyingi nyumba ya Kikristu huwa na mmoja aliyeanguka: mwana aliyeacha Misa, au ndugu ambaye jina lake halitajwi tena mezani. Msiuite ubaya kuwa wema; lakini mlango msiufunge. Petro alikana mara tatu kabla jogoo hajawika, na baadaye ndiye aliyekabidhiwa kondoo. Wafundisheni watoto sala ya majuto wangali wadogo. Huenda siku moja ikawa ndiyo njia pekee iliyowabakia ya kurudi nyumbani.