Kutengeneza Sanduku la Usukani la Gari la Zamani

Magari ya Land Rover yalianza kuundwa Uingereza mwaka 1948, na baadhi ya yale ya zamani yangali yakitembea. Lakini sanduku la usukani likichakaa, dereva huzungusha usukani na magurudumu yasigeuke mara moja. Hiyo ni hatari kubwa.

Wako mafundi ambao hukaza tu skrubu ya ubavuni mwa sanduku. Hilo ni kosa. Vyuma vya ndani huliwa zaidi katikati, kwa kuwa gari huenda mbele kuliko kukata kona. Skrubu ikikazwa mno, usukani hukwama penye kona.

Yafaa fundi autie alama mkono wa sanduku kabla ya kuuvua, ili urudi mahali pake. Kisha alifungue sanduku, aoshe vyuma kwa mafuta ya taa, na kuzihesabu gololi zote. Vilivyoliwa vibadilishwe, pamoja na sili. Akiisha kutia mafuta ya gia, aikaze skrubu usukani ukiwa katikati, kisha auzungushe mpaka mwisho pande zote mbili. Usipokwama popote, kazi ni njema.