Gari la Kale: Pima Umeme Kabla ya Kupatana Bei

Mfanyabiashara anayenunua gari la kale ili alifufue na kuliuza kwanza hutazama bodi na rangi. Hasara, hata hivyo, mara nyingi hujificha kwenye nyaya.

Mfano ni Volkswagen Beetle, aina iliyoshinda mbio za Coronation Safari za Afrika Mashariki mwaka 1957. Beetle nyingi za kabla ya 1967 zilitumia umeme wa volti 6. Anayefunga betri ya volti 12 bila kubadili vifaa vingine huunguza balbu na koili. Mabadiliko kamili hudai pia dainamo, regyuleta na mota ya waipa. Gharama hizo ziingizwe kwenye hesabu mapema.

Ukaguzi una hatua nne. Kwanza, betri ya volti 6 iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, isome takriban volti 6.3. Pili, waya wa ethi usuguliwe pale unapofungwa kwenye bodi. Kutu hapo hufifisha taa na kuzorotesha stata. Tatu, pointi za distributa zikifunguka kikamilifu ziachane milimita 0.4. Nne, pointi zikiungua upesi, kondensa ishukiwe kwanza, kwani bei yake ni ndogo kuliko ya koili.

Nyaya zilizopasuka mpira zibadilishwe. Kuweka fyuzi kubwa zaidi si dawa. Ni kukaribisha moto, na gari lililoungua halina mnunuzi.