Somo la Afya: Ini Lenye Mafuta na Hatari kwa Moyo

Tukiona mtu tumbo limetoka mbele tunasema amepata nafuu, hasa sisi tuliokwisha kuona njaa njiani. Lakini mafuta hayakai chini ya ngozi tu. Mengine huingia ndani ya ini, na yakizidi asilimia 5 waganga husema ni ini lenye mafuta. Mara nyingi mwenyewe hasikii maumivu yoyote.

Wengi wetu tukisikia hivyo tunaogopa ini litaharibika. Kwa baadhi huharibika kweli. Lakini kinachoua wengi zaidi kati ya wagonjwa hao ni moyo na mishipa ya damu. Sababu ni kwamba ini ndilo linalopima sukari na mafuta yanayoingia katika damu. Likijaa mafuta, humwaga vyote viwili kupita kiasi, na mishipa huziba polepole. Presha nayo mara nyingi hufuatana na hali hii. Wala si ugonjwa wa wanywaji pombe peke yao: chai ya vijiko vinne vya sukari, soda, na kukaa kutwa bila shamba la kulima huchangia.

Ukiambiwa una ini lenye mafuta, usikimbilie dawa za sokoni za kusafisha ini, nyingine huliumiza. Omba upimwe presha, sukari na mafuta ya damu. Mnene wa kilo 80 akipunguza kilo 4 hadi 8 pole pole, ini hupata nafuu. Aanze kwa kuacha soda, atembee dakika 30 karibu kila siku. Mtoto aliyekonda na mama anayenyonyesha wasipunguziwe chakula kwa ajili ya somo hili.